Fundi wa Hewa wa Wodi ya Njiti

Tulimwita Fundi wa Hewa. Bila shaka alikuwa na jina, maana kila mwezi alitia sahihi ya mshahara kama sisi wengine, lakini pale hospitalini Mbale hukumsikia mtu akilitaja. Daktari alisema Fundi wa Hewa, sista wa wodi alisema Fundi wa Hewa, na wauguzi wachanga waliokuja na kuondoka walimsalimia hivyo hivyo. Yeye aliinua kidole kimoja tu, akapita. Mimi nilikuwa mkuu wa chumba cha kufulia. Nilimjua kwa miaka kumi na saba na nikamwogopa miaka hiyo yote, na hata sasa ninapoandika habari zake nakaa wima kwenye kiti, kana kwamba atapita nyuma yangu aone ninafanya nini.

Niseme jambo moja mapema, asije mtu akanidhania mwema. Wakati wa vita niliuharibu mtambo wake kwa mikono yangu hii miwili, na yeye ndiye aliyepigwa. Alisema mbele ya watu kwamba kosa ni lake. Nilikuwepo, nikasikia, nikanyamaza. Kwa miaka mingi nilitaka kumwuliza kwa nini alisema vile, na kumwambia yaliyonikaa rohoni, lakini kila nilipojaribu, niliishia kuzungumzia sabuni. Mengine yote nitakayosimulia, hata habari za senene, mjue nayasimulia nikiwa na hilo moyoni.

Kwanza mtambo wenyewe. Mbale iko miguuni pa mlima, na asubuhi mlima unashusha baridi ya kuingia kwenye mifupa. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya wazazi, na ilikuwa na wodi moja ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, wengine wadogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja cha daktari. Ukifungua madirisha, watoto wanapoa. Ukiyafunga, hewa inakuwa nzito na chafu, na kifua cha njiti hakiwezi hewa nzito. Sasa kwenye kibaraza cha nyuma kulikuwa na sanduku la bati, refu kama kitanda, lililotoka ng'ambo. Ndani yake feni moja ilivuta hewa safi kutoka nje na nyingine ikasukuma hewa iliyochoka kutoka wodini. Katikati palikuwa na kiini chake, karatasi nyembamba mamia kwa mamia zilizopangwa kwa mianya, na hewa hizo mbili zilipishana humo bila kugusana. Ile inayotoka iliacha joto lake kwenye karatasi, ile inayoingia ikalichukua. Kwa hiyo watoto walipata hewa mpya iliyokwisha kupata joto. Siku aliponieleza hivyo nilimwambia ananidanganya. Alinishika mkono, akauweka kwenye tundu la kuingizia hewa wodini, nikasikia vuguvugu, na nje nilikuwa nimetoka nikiwa nimejifunga shali. Nilisema subhanallah, na sikuona haya kulisema.

Sanduku hilo lilikuwa na pacha wake Jinja, kwenye zahanati ya kiwanda cha nguo, na yote mawili yalikuwa mikononi mwake. Alianzia kazi kiwandani kule, akisafisha njia za hewa zilizojaa vumbi la pamba, ndipo wazungu waliokuja kufunga mitambo wakamwona anavyosikiliza feni kwa kuinamisha kichwa, wakamfundisha. Akawa mtu wa kwenda na kurudi, wiki mbili Mbale, siku chache Jinja. Njia hiyo aliisafiri kwenye malori ya Wakenya waliokuwa wakipita kutoka mpakani Malaba, na madereva walimpakia bila maneno mengi kwa kuwa alijua kuzibua redieta.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa na ibada yake. Nasema ibada kwa sababu sijui neno jingine. Alizima umeme kwenye swichi kubwa, kisha akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni mwake, ili asitokee mtu wa kuwasha yeye akiwa na vidole ndani. Alisubiri feni zisimame kabisa. Hakuzisimamisha kwa mkono hata siku moja. Halafu alivua saa. Alitoa machujio mawili ya kitambaa, akayakung'uta mbali na mlango, akaniletea. Kiini alikitoa mwenyewe, amekikumbatia, akakilaza juu ya shuka safi, na kukipitia na unyoya wa bata mzinga, mwanya kwa mwanya, bila haraka, akiwa amebana pumzi. Feni alizipangusa kwa brashi laini. Mwisho alimwaga kikombe cha maji kwenye sinia la chini la kukusanyia jasho la mtambo, akazunguka nje kuona kama maji yanatokea kwenye bomba. Kama hayatoki, alilala chini kifudifudi na waya, na hakuinuka mpaka yatoke.

Akisha kurudisha kila kitu, alitundika uzi wa pamba mbele ya tundu la kuingizia na mwingine mbele ya tundu la kutolea, akarudi nyuma, akatazama. Alitaka nyuzi zote mbili zipepee sawasawa. Ukivuta zaidi ya unavyotoa, alisema, wodi inavimba. Ukitoa zaidi ya unavyovuta, wodi inanyonya vumbi kwenye kila ufa wa mlango. Nimemwona akirudia kazi nzima tangu mwanzo kwa sababu uzi mmoja ulikuwa mvivu kidogo. Sista alimwambia mara moja kwamba hakuna mtu angegundua. Yeye alichomoa fyuzi, akaitia mfukoni, akaanza upya, na sista akabaki na aibu yake pale mlangoni.

Tuligombana siku ya kwanza tulipokutana. Aliniletea machujio akaanza kunifundisha kufua: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, usikamue, usianike juani. Mimi! Mimi niliyefunzwa na bibi yangu kule kwetu Nalufenya, Jinja, kufua kanzu nyeupe za msikiti mzima wakati wa Idi, nikazitia buluu ya kung'arishia nguo nyeupe mpaka zikameremeta! Nilimwambia kama anaujua ufuaji kiasi hicho, aanze na shati lake. Maana na hilo lilikuwa la ajabu: mtu aliyeogopa chembe ya vumbi kwenye mtambo alivaa shati lenye ukosi mweusi kama sufuria. Alilitazama shati, akanitazama, akaondoka. Alhamisi iliyofuata alileta machujio, na chini yake ameweka shati limekunjwa. Nikalifua. Tangu siku hiyo tukaelewana, kwa kiasi alichoweza yeye kuelewana na mtu.

Hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Alivuta sigara kali tangu asubuhi mpaka jioni, yeye ambaye kazi yake ilikuwa hewa safi, na ukimwambia, alisema hayo ni mapafu yake mwenyewe, hayako kwenye orodha ya kazi. Chumba alicholala pale kwenye nyumba za wafanyakazi alikiziba matundu yote kwa matambara, kwa kuogopa mbu, na ukipita mlangoni moshi ulikupiga usoni. Lakini hakuvuta hata pafu moja ndani ya hatua ishirini za kibaraza cha nyuma. Alizipima kwa miguu, akachora mstari kwa chokaa, na daktari mkuu mwenyewe alipovuka mstari na kiko chake aliambiwa arudi. Akarudi. Daktari alicheka, lakini alirudi.

Wauguzi aliwakaripia, wapishi aliwaogopa. Sijui kwa nini. Mpishi wetu mmoja mnene alimwita kwa mdomo tu, "Wewe, njoo ule," na Fundi wa Hewa alikimbia kama mtoto wa shule.

Kiswahili chake, Mungu anisamehe, tulikicheka. Alikuwa Msoga wa Budondo, karibu na Jinja, na Kiswahili alikipata kiwandani na kwa askari, si nyumbani. L na r kwake zilikuwa herufi moja. Kila kitu alikipa roho: mtambo ulikuwa "yeye," feni ilikuwa "yeye." Aliposema "Huyu feni anaumwa, anarara vibaya," mimi Mwislamu wa mjini niliyenyonya Kiswahili nilishika mbavu. Lakini siku hiyo hiyo alifungua, akakuta bolti moja imelegea nusu mzunguko. Baada ya mara tatu nne za namna hiyo nikaacha kucheka. Wengine pale hawakupenda kusikia Kiswahili hata kidogo, kiliwakumbusha vizuizi vya askari barabarani, na sikuwalaumu. Yeye pale hospitalini, ukiacha askari, alikitumia na mtambo pamoja na mimi tu.

Mara moja tu nilimwona akicheka kwa sauti. Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Usiku walikuwa wamefuata taa ya kibaraza, na asubuhi tulikuta wavu wa nje wa kuvutia hewa umefunikwa wote, senene juu ya senene, feni inalia kwa kukosa pumzi. Wauguzi walikuja na mabeseni. Mwingine yeyote angewafukuza. Yeye alizima mtambo, akawapanga mstari, akawaambia kila mmoja ana ruhusa ya kubeba anachotaka ila lazima awatoe mmoja mmoja kwa vidole, asivute wavu. Wavu ukatoka safi kuliko tulivyowahi kuuosha. Hapo akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akakohoa, na mchana akala bakuli zima lililokaangwa na mpishi. Jinja, alinisimulia, shida ilikuwa visubi wa ziwa, vijidudu vinavyoinuka upande wa Masese, ufukweni, kama moshi. Hao huwezi kuwapangia watu mstari wawatoe kwa vidole, unakwangua tu.

Vita vilipokaribia, kwanza vilituletea ukosefu. Machujio yaliyotoka ng'ambo yaliisha, hakuna barua iliyojibiwa. Fundi wa Hewa alinunua bafta sokoni, aina tano, akakaa nje ya mstari wake wa chokaa, akawasha sigara, akawa anapuliza moshi kupitia kila kitambaa na kutazama unavyotoka upande wa pili. Alichagua cha nne. Nilishona mimi. Tulishona machujio kwa miaka miwili hivyo, na hakuna njiti aliyekohoa kwa vumbi la bafta yangu. Hilo najisifia na sitaacha.

Kisha vikatuletea Kapteni. Aliwekwa na wakubwa kusimamia hospitali, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyotisha. Siku moja Kapteni aliona jinsi wodi ya njiti ilivyo nzuri hewa yake, akamwita Fundi wa Hewa, akamwamuru avute bomba moja kutoka kwenye mtambo hadi ofisini kwake. Nilikuwa napita na shuka mikononi, nikasimama. Wakati ule watu walipotea kwa neno dogo kuliko hilo. Fundi wa Hewa alivua kofia na kusema, "Afande, hii hewa nimepima ya watu wa kilo moja moja. Wewe ni mukubwa. Ukivuta wewe, wao watabaki na nini?" Kapteni alimtazama, akatazama kibaraza, akasema haya, nenda. Fundi wa Hewa alivaa kofia, akaenda kusikiliza feni zake.

Basi ndiye mtu huyo.

Mwaka ule vita vilipokuja kweli, vilimkuta Jinja. Alikwenda kwa siku chache kama kawaida, barabara ikafungwa nyuma yake. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Malori ya jeshi yalipita mbele ya hospitali mchana kutwa, na vumbi lake likaingia kila mahali. Nilitoa machujio mwenyewe, nikafua, nikarudisha. Wodini hewa bado ilikuja kidogo, nzito. Nikachungulia ndani ya sanduku, nikaona kiini. Kilikuwa cheusi.

Nataka mnielewe. Sikuwa mzembe. Niliona kitu kichafu, na kazi yangu tangu utoto ni kukitoa uchafu kitu kichafu, na watoto watano walikuwa ndani wanahema. Nilizima umeme. Nilichomoa fyuzi, nikaitia mfukoni kama yeye. Nilikitoa kiini, nimekikumbatia kama yeye. Nikakizamisha kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, nikakisuuza mara mbili, na maji ya mwisho, Yarabi, nikayatia buluu ili kirudi cheupe.

Karatasi hazikuchelewa. Zilivimba, zikalegea, zikashikana kwa kila upande, na nilipokinyanyua kilikuwa bonge moja la rangi ya samawati linalodondosha maji. Nilikianika kivulini siku mbili, kikakauka kikiwa kigumu kama kigae. Hewa haikupita tena.

Tulizima mtambo, tukafungua madirisha mchana, tukayafunga jioni. Sista aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, tukazungusha chupa za maji ya moto. Wanne waliishi. Mmoja, wa mama Mwislamu kutoka upande wa soko, alifariki siku ya tano asubuhi. Mama yake hakuwa na nguvu za kusimama, nikamwosha mimi, kwa mikono ile ile. Sikuweza kula siku ile, na kwa muda mrefu sana baadaye kila nilipogusa maji ya vuguvugu nilimkumbuka.

Fundi wa Hewa alirejea siku mbili baada ya mazishi, sehemu ya njia ametembea kwa miguu. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kibarazani. Nilimwona kwa dirisha la chumba cha kufulia: alikishika kiini, akakigeuza, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ile rangi ya samawati. Hospitali nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye buluu.

Kapteni alikusanya watu uani. Alisema mtambo wa serikali umeharibiwa, mtoto amekufa, na hiyo inaitwa hujuma, anataka mtu. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani na mume aliyekuwa ng'ambo ya mpaka, sina habari zake. Nilijiambia, sema. Fundi wa Hewa akatoka mbele, akavua kofia. "Afande, kosa ni yangu," alisema. Aliulizwa kama ni yeye aliyekitia majini. Akarudia tu kwamba kosa ni lake. Walimpiga pale pale kwa mkanda na kitako cha bunduki, kisha wakamfungia stoo siku mbili. Mimi nilirudi kufua shuka. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na siwezi kuipamba.

Alipotolewa, jicho moja limefumba, alimwomba daktari barua akaondoka siku hiyo hiyo kurudi Jinja. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, wafanyakazi wamekimbia, zahanati haina mgonjwa, na kiini pacha kilikuwa bado ndani ya sanduku lake bila kazi. Habari za safari hiyo sikuzipata kwake. Nilizipata kwa dereva Mkenya aliyempakia kurudi. Alisema Fundi wa Hewa alipanda lorini amebeba sanduku la mbao lililofungwa kwa mpira wa godoro na koti lake la mvua, yeye mwenyewe hana koti. Alikataa liwekwe nyuma na mizigo, alilipakata. Kwenye kila kizuizi askari walitaka kulichoma kwa singe waone kama ni kahawa ya magendo, na kwenye kila kizuizi alilifungua mwenyewe, polepole, akawaambia, "Afande, haya ni mapafu ya watoto. Angalia na macho, usishike." Na wale watu, waliokuwa wakivua abiria viatu, wakaangalia kwa macho. Karibu na Tororo mvua ilianza, akamlazimisha dereva kusimama chini ya paa la kituo cha mafuta saa nzima mpaka ikatike, dereva akimtukana. Na katika siku mbili za safari hiyo hakuvuta sigara hata moja, asije moshi ukaingia kwenye karatasi.

Alikifunga Alhamisi. Nyuzi zikapepea sawasawa. Nilisimama mbali, nikalia.

Wiki mbili baadaye Kapteni alikimbia na jeshi lake, wengine wakaingia, na hospitali ikaanza tena kidogo kidogo, shuka kwa shuka. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Alhamisi ya kwanza ya amani alikuja chumba cha kufulia na machujio, na juu ya machujio ameweka unyoya wa bata mzinga. Akasema, "Leo utafanya wewe. Kavu. Maji hapana." Alisimama nyuma yangu nikipitia karatasi mwanya kwa mwanya, roho juu juu. Tangu hapo kiini kikawa changu na yeye akabaki na feni. Tulifanya hivyo miaka tisa. Tulizungumza habari za bafta, za senene, za bei ya sabuni, za mambo yote duniani isipokuwa hilo. Nilidhani unyoya ule ni msamaha wake. Siku nyingine nilidhani ni adhabu.

Alistaafu. Baadaye jengo jipya likaja na mitambo mipya, sanduku la bati likatolewa, na mimi nikarudi kwetu Nalufenya na magoti mabovu. Miaka ikaenda. Halafu mwanamke mmoja anayeniletea samaki kutoka Masese akaniambia yule mzee wa hewa niliyekuwa nikimsimulia yuko kwao Budondo, miguu imemwisha. Nilijua nikingoja nitakufa nalo, au atakufa yeye. Nikapanda bodaboda, mwanamke wa umri wangu, nimemshika kijana wa watu kiunoni.

Binti yake, mtu mzima mwenye watoto, alinipokea uani kwa magoti kama desturi yao, "Kodheyo, maama," yaani karibu, mama, akaniingiza sebuleni. Fundi wa Hewa alikuwa kwenye kiti cha mbao, amekonda, ukosi safi. Alinitambua kabla sijatoa salamu, na nikaona uso wake umebadilika kwa hofu, jambo ambalo sikulitarajia. Sikukaa vizuri hata, nikaanza. Nilisema yote niliyoyaandika hapa: beseni, maji ya moto, buluu, mtoto aliyefariki siku ya tano, ua, kofia yake mkononi. Nilisema alidanganya kwa ajili yangu na mimi nikamwacha apigwe. Nilimwomba radhi. Kisha nikamwuliza kwa nini alifanya vile.

Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza feni.

"Mimi sikudanganya afande," alisema. "Kosa ilikuwa yangu. Karatasi haigusi maji: daktari niliambia. Sista niliambia. Mpishi niliambia. Askari wa lango niliambia. Wewe peke yako sikuambia. Nilifikiri, huyu ni mutu wa kufua, yeye na kiini wapi na wapi? Mutu mumoja anayeishi na maji, ndiye sikuambia."

Nilikasirika. Sikwenda kule kukasirika, lakini nilikasirika mpaka nikasimama. Nilimwuliza kama anajua nimeishi vipi, nikimbeba yule mtoto kila siku ya Mungu, na yeye alikuwa na neno la kunipunguzia mzigo, amelikalia. Miaka tisa, kila Alhamisi, tumesimama bega kwa bega!

"Kila Alhamisi nilitaka kusema," alijibu. "Niliona umenyamaza, nikajua umenihukumu. Halafu ukashika unyoya vizuri kuliko mimi. Nikaogopa nikisema, hutakuja tena."

Nikamwuliza lile la mwisho, kama mtoto yule alikufa kwa sababu ya karatasi ile. Hakunipa faraja ya uongo. Alisema hajui, amefikiri miaka yote, na njiti wengine walikufa hata mtambo ukiwa mzima. "Sijui mimi, hujui wewe," alisema.

Kisha akashika mkono wa kiti, akaanza kuinuka. Nilidhani anataka maji, na binti yake akaja mbio kumshika. Alimwondoa kwa mkono. Alishusha goti moja kwenye sakafu ya saruji, kisha la pili, mbele yangu. Busoga mwanamke humpigia mwanamume magoti. Mwanamume, tena mzee, tena ndani ya nyumba yake, hampigii mwanamke. Binti alitamka kitu kwa Kisoga, akimsihi ainuke. Hakuinuka.

"Nisamehe, dada," alisema.

Kubaki nimesimama juu ya kichwa chake sikuweza. Nikashuka na mimi, magoti yakilia, nikamshika mikono, nikamwambia nimemsamehe, na yeye anisamehe kwa kunyamaza kule uani. Akasema ndiyo, amesamehe zamani. Tukabaki pale chini tumeshikana mikono, hakuna kati yetu aliyeweza kuinuka peke yake, mpaka binti yake akaacha kutusihi, akaenda kuleta mkeka.